Masasi: Mji wa Wasio na Kwao

Ukimsikia kijana wa mjini anasema "mimi sina kwetu", usimcheke. Neno hilo lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo iko Kusini, chini ya vile vilima vya mawe vya Masasi.

Mwaka 1873 Sultan Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Waliokutwa ndani ya majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza waliachwa huru. Huru, sawa, lakini waende wapi? Wengine walitekwa utotoni, huko bara upande wa Ziwa Nyasa, na njia ya kurudi hawakuijua. Misheni ya Waanglikana, UMCA, iliwapokea wengi Unguja: wavulana shuleni Kiungani, wengine kwenye shamba la Mbweni. Walipata chakula na shuka. Lakini kupewa shuka si sawa na kuwa na kwenu, au siyo?

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyekusanya hadithi za Unguja kitabuni, aliwachukua zaidi ya hamsini kati yao, wanaume kwa wanawake, wakashukia Lindi na kupanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea ziwani. Safari ikaishia Masasi. Hapo wakakata miti, wakajenga, wakalima. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, na Kiswahili walichotoka nacho Unguja ndicho kilichowawezesha kusemezana na kusali pamoja.

Usije ukadhani palikuwa peponi. Misheni ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba, na neno la mwisho lilikuwa la wazungu. Majirani nao, Wamakua na Wayao, walikuwa na wakubwa wao na mila zao. Mgeni hakubaliwi kwa sababu tu anajua kusali.

Mtihani mkubwa ulikuja Septemba 1882. Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Steere mwenyewe alikuwa amefariki Unguja mwezi uliotangulia. Hebu fikiria, ndugu msomaji: mtu ameuzwa, amekombolewa, amejenga, na sasa anatazama majivu. Imani ya mtu kama huyo ina kazi gani?

Jibu halikutoka kwenye mahubiri. Lilitoka Newala, juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, ambako maji yalifuatwa bondeni. Huko alitawala Matola, mkubwa wa Kiyao, ambaye hata ubatizo alikuwa hajaupokea. Misheni ikahamia kwake, naye akaikubali. Asiye Mkristo ndiye aliyewapa Wakristo mahali pa kuanzia upya.

Halafu akaja Cecil Majaliwa. Naye alikuwa Myao aliyeuzwa Unguja akiwa mtoto, akasomea Kiungani na baadaye Uingereza. Mwaka 1886 alirudi Kusini, akafanya kazi Chitangali, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri na UMCA. Kwa hiyo yule aliyekuwa bidhaa sokoni akawa mtu wa kumkaribisha mwingine mlangoni.

Masasi ilijengwa tena. Ikachomwa tena mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji. Ikajengwa tena, na mwaka 1926 ikawa makao ya dayosisi.

Sasa turudi mjini. Neno "machinga" tunalolitumia kila siku husemwa limetokana na Wamachinga, watu wa Lindi. Vijana wengi wa Kusini walikuja Dar es Salaam na mzigo begani, wengine bila hata pa kulala. Tukiwapa nguo na chakula tunafanya vema, lakini hiyo ni Mbweni tu. Masasi ilianza pale watu walipopewa jembe, na jirani, na nafasi ya kusema "sisi". Na hata baada ya hapo, alihitajika Matola wa kufungua mlango nyumba zilipoungua.

Basi tusimuulize asiye na kwao ametoka wapi peke yake. Tumuulize pia nani amemkubali awe jirani yake.