Sungusungu, Seva na Mamlaka ya Kufukuza

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri Usukuma, Tanzania, wanavijiji walijiundia vikundi vya ulinzi vya sungusungu. Walikamata, walitoza faini, na mkaidi walimtenga hata moto asipewe na jirani. Sheria ya mwaka 1989 ikawapa uwezo wa kukamata. Mali ikapona, ila wapo walioadhibiwa bila kusikilizwa. Wazee wa Bariadi na Maswa wanaijua historia hiyo kuliko kitabu chochote, na ndiyo ninayoikumbuka kila nisikiapo kijana akitaka kuikabidhi seva yake ya mchezo kwa akili mnemba.

Dunia pepe za michezo, ambazo nazo zimepambana na swali la nani aadhibu, zina umri unaokaribiana na sungusungu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuunda MUD, dunia ya maandishi matupu. Richard Bartle akaiendeleza. Mchezaji aliyefika daraja la juu alipata nguvu za kuwaadhibu wengine. LambdaMOO, dunia nyingine ya maandishi iliyoundwa na Pavel Curtis, ilifunguliwa mwaka 1990, na miaka miwili baadaye wasimamizi wakajitoa katika ugomvi wa wakazi, wabaki na mitambo tu. Mwaka 1993 mkazi mmoja aliwadhalilisha wenzake hadharani kwa maneno machafu. Wakazi walijadili bila kufikia uamuzi, msimamizi mmoja akamfuta peke yake. Ndipo Curtis akaanzisha utaratibu wa maombi na kura.

Dunia hizo zilifika kwetu pia: kuanzia 2012, UN-Habitat ya Nairobi na kampuni ya Mojang walitumia mchezo wa Minecraft kuwashirikisha wakazi kupanga maeneo ya wazi, Kibera ikiwemo.

Wasaidizi wa akili mnemba wameingia juzi tu. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa MCP, kanuni huria ya kuwaunganisha na programu nyingine. Kwa Minecraft, njia ya kawaida ya kuiamuru seva kutoka nje ni RCON, na hapo ndipo penye hatari. RCON haina madaraja: nywila moja inaruhusu kuangalia nani yumo, kumfungia mtu, hata kuizima seva. Msaidizi akipewa nywila hiyo, amepewa vyote. Afadhali iwekwe programu ndogo katikati, yenye orodha fupi ya amri zinazopita, na kila amri iandikwe kwenye kumbukumbu.

Msaidizi asome kumbukumbu, ahifadhi nakala, amweleze msimamizi kwa Kiswahili kwa nini seva imekuwa nzito. Kufungia watu asiguse. Mifumo hii imesoma Kisukuma kidogo mno, na utani wa vijana wa Kisukuma wa Itilima unaweza kuonekana matusi. Na kijana akifungiwa kimakosa na msimamizi, awe na haki ya kumfuata, kumweleza alichomaanisha na kurudishwa siku hiyohiyo.