Dizeli ndani ya sanduku la bluu

Ukilifungua sanduku hilo, treni huioni. Unaona bodi ya plastiki, chasisi ya chuma iliyokwisha kufungwa mota, kimfuko cha vikorokoro na karatasi ya maelekezo. Ndani ya kimfuko mna vipande vya waya vya kutengenezea vyuma vya kushikia pembeni, vishikizo vyake vilivyo vidogo kuliko punje ya mchele, viungio viwili vya plastiki na skrubu chache. Mengine unayatia mwenyewe: kisu, gundi, rangi na subira.

Sanduku lenyewe ni la karatasi ngumu, la bluu, na kwa miongo kadhaa lilikuwa kwenye rafu za karibu kila duka la treni za mfano nchini Marekani. Kampuni iliyolitoa ni Athearn ya California. Kwa Wamarekani wengi waliojifunza kuunda vichwa vya treni vya dizeli kwa mikono yao, darasa la kwanza lilikuwa sanduku hilo.

Historia inaanzia kwenye reli ya kweli. Mwaka 1939 kiwanda cha Electro-Motive cha La Grange, Illinois, kilitoa vichwa vinne vya dizeli vya aina ya FT, vikafungwa pamoja na kuwa na jumla ya nguvu za farasi 5,400. Vilizungushwa kwa miezi 11 kwenye reli za kampuni 20, vikatembea zaidi ya kilomita 130,000. Kufikia 1960 mvuke ulikuwa umekaribia kuzimika kabisa kwenye njia kuu za Marekani.

Wapenzi wa mvuke walinung'unika, na wengine wananung'unika mpaka leo. Lakini kwa mtu wa kutengeneza treni za mfano, dizeli ilikuwa neema. Enzi za mvuke, kampuni kubwa za reli zilipenda kuagiza vichwa vyao kwa michoro yao, kama mtu anayeshonesha suti kwa fundi. Dizeli ilikuja kama shati la dukani: kiwanda kimoja, vipimo vilevile, mnunuzi anachagua rangi. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali sana, na kwa kichwa cha mvuke ingefaa reli moja tu. Kwa dizeli, kalibu ileile ilitoa bodi ya reli ya Santa Fe asubuhi na ya reli ya Pennsylvania mchana. Zaidi ya hayo, dizeli haina yale mapanga ya chuma yanayopanda na kushuka ubavuni mwa magurudumu, ambayo ndiyo yanayomtoa jasho muundaji. Ni boksi refu juu ya seti mbili za magurudumu.

Aliyeiona neema hiyo na kuishika vizuri ni Irvin Athearn. Mwaka 1938 alijenga reli ya mfano nyumbani kwa mama yake, kisha akaitangaza kuiuza. Walioitaka walikuwa wengi kiasi kwamba akaona humo mna riziki. Miaka ya Vita Kuu ya Pili aliuza vifaa humohumo nyumbani, na mwaka 1946 akafungua mahali pake huko Hawthorne, California. Baadaye alinunua kalibu za kampuni iliyoitwa Globe, akaziboresha, na plastiki ikaanza kutoka kwa wingi kwa kipimo kinachoitwa HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Kichwa cha mita 17 kinabaki na urefu wa sentimita 20 hivi, ukubwa wa chupa ya soda iliyolazwa mezani.

Hakuuza vitu kamili, wala hakudai hivyo. Dizeli zake za awali ziliendeshwa kwa vimpira kama vile vya kufungia noti, vilivyovutwa kutoka kwenye mota hadi kwenye ekseli. Zilikimbia kama mwizi aliyeitiwa. Kimoja kati ya vichwa hivyo, kadogo kaitwako Hustler, kalisifika kwa mbio ambazo hakuna treni ya kweli ingezithubutu kwenye kona. Baadaye zilikuja gia, mota yenye mhimili unaotokeza pande zote mbili, magurudumu yote yakawa yanavuta na yote yanapokea umeme kutoka relini. Hapo sanduku la bei nafuu likawa na moyo wa punda: halichoki.

Sura ndiyo iliyokuwa na dosari. Mota ilikuwa nene, kwa hiyo boneti ya vichwa vya dizeli kama GP9 ikapanuliwa ili mota ienee. Mwenye jicho la reli aliiona kasoro hiyo toka mlangoni. Vishikizo vya ngazi vilichongwa pamoja na bodi, vikaonekana kama makovu badala ya vyuma. Mbele hapakuwa na mabomba ya breki wala kipangusio cha kioo.

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ufundi ulipozaliwa. Kama Athearn angeuza kitu kisicho na kasoro, mnunuzi angekiweka relini na kwenda kulala. Kasoro ilimwita mezani. Tazama kazi moja tu, ya kubadilisha kishikizo. Kwanza unakwangua kile kilichochongwa kwenye plastiki, kisu kimelazwa ili kisichimbe. Unapitisha msasa laini. Kwa ncha ya sindano unatia alama mbili, halafu unatoboa kwa keekee ya mkononi yenye uzi wa chuma usiofika nusu milimita, ukiizungusha kwa vidole viwili. Ukiisukuma kwa pupa inakatika, na kipande kinabaki kimenasa ndani ya tundu. Unakunja waya kwa koleo, unauingiza, na upande wa ndani unaweka tone la gundi kwa ncha ya kijiti cha meno. Umemaliza kimoja. Kichwa kizima kinataka vingi, na usipovipanga kwa mstari mmoja, jicho litakusuta kila ukikitazama.

Mabehewa yalikuwa mepesi zaidi kuunda. Behewa la mizigo la sanduku la bluu lilikuwa na bodi, sakafu, bamba la chuma la kuongeza uzito na magurudumu. Waundaji walitania kwamba ni la kutikisa tu: unatikisa sanduku, behewa linatoka limeungwa. Wenye kiburi chao walipendelea vifurushi vya vijiti vya mbao ambavyo vilikula wiki kadhaa. Hata hivyo behewa la kutikisa nalo lilikuwa na siri yake, uzito. NMRA, chama cha waundaji kilichoanzishwa Milwaukee mwaka 1935, kinapendekeza gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la futi 40, ambalo mezani lina sentimita 14, linatakiwa kufika gramu 105 hivi. Likiwa jepesi mno, treni ndefu ikikata kona hulivuta likaanguka upande wa ndani.

Viungio vya kuunganishia mabehewa vilivyokuwa ndani ya sanduku vilikuwa na umbo lisilofanana na chochote kilichowahi kuonekana relini, na wengi waliishia kuvitupa. Badala yake walifunga vya Kadee, kazi ya mapacha wawili wa Oregon, Keith na Dale Edwards, ambao jina la kampuni yao ni herufi za mwanzo za majina yao zikitamkwa kwa Kiingereza. Viungio hivyo vinafanana na ngumi ya kweli ya treni ya Marekani, vinajifunga vikigusana, na vinaachana juu ya sumaku iliyofichwa njiani bila mkono wa mtu kushuka kutoka mbinguni.

Uchakavu nao ulikuwa na mwalimu wake. John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, alianza kujenga reli yake baada ya vita, akaifanya ionekane imeliwa na jua, masizi na kutu wakati wengine wakiendelea kung'arisha vichwa vyao kama viatu vya Idi. Mtu huyo alikuwa na mzaha: yadi yake moja ilikuwa na mjusi mkubwa wa kale aliyefanya kazi ya kusukuma mabehewa. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli yake. Alipendelea mvuke, lakini mbinu zake zilihamia kwenye dizeli: chaki za rangi zilizosagwa, wino uliopunguzwa makali, masizi kuzunguka bomba la moshi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tabora akiona mfano wa dizeli ya Marekani yenye boneti nyembamba na njia ya kupita pembeni, ataiona ni ndugu wa vichwa vya daraja la 88 vya reli ya Tanzania, vilivyotengenezwa Montreal, Kanada. Ipo na hesabu moja inayonichekesha. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA 1,067. Kwa milimita hizo 67 mizigo ilibidi ihamishwe kutoka treni moja kwenda nyingine pale Kidatu. Punguza mara 87, inabaki robo tatu ya milimita, unene wa kucha. Kwa kipimo cha HO, waundaji huzipitisha zote mbili kwenye njia ya milimita 12, na mambo yanakwenda.

Sanduku la bluu halikuuawa na ubaya wake. Mwaka 1989 kampuni ya Life-Like ilitoa kichwa cha BL2, cha kwanza katika mfululizo wa Proto 2000, kikiwa na maumbo makali na mwendo laini kwa bei ambayo watu waliimudu. Kazi ya kubandika vishikizo ikahamia kwa mafundi wa viwanda vya China, na wanunuzi wakazoea kutoa treni sandukuni ikiwa imekamilika. Irvin Athearn hakuyaona yote hayo. Alifariki mwaka 1991. Kampuni ilinunuliwa na Horizon Hobby mwaka 2004, na mwaka 2009 ikaacha kutoa vifurushi vya kuunda. Siwezi kusema treni za sasa ni mbaya. Ni nzuri kuliko yoyote niliyoieleza hapa, na bei yake inalingana na uzuri huo.

Masanduku ya bluu bado yanazunguka kwenye meza za vitu vya mtumba, mengine hayajawahi kufunguliwa vimfuko vyake. Ukikutana na moja, litikise kabla ya kulipa, na safari hii si mzaha. Usiposikia skrubu zikicheza, fungua uhesabu, maana hizo ndizo hupotea kwanza.