Ndama wa Maverick

Neno la Kiingereza maverick lina mvuto wake siku hizi. Ni jina la rubani mkaidi wa filamu ya Top Gun, na mwaka 2008 John McCain alijinadi nalo akiwania urais wa Marekani, ili aonekane mtu asiyeburuzwa hata na chama chake.

Mwenye jina hakuwa muasi wa namna hiyo. Samuel Maverick alikuwa mwanasheria wa San Antonio, msomi wa Yale, mmoja wa waliotia saini tamko la uhuru wa Texas mwaka 1836. Alichokitamani ni ardhi. Ng'ombe walimjia tu: katika miaka ya 1840 mtu aliyemdai alimlipa deni kwa ng'ombe wapatao 400, akawaacha huko huko walikokuwa, kwenye rasi ya Matagorda.

Nyika zile hazikuwa na uzio. Mali ya mtu ilijulikana kwa chapa ya moto, na ndama wa Maverick wengi walikua bila chapa. Majirani wakikuta mnyama asiye na alama walisema huyo ni wa Maverick. Inasimuliwa kwamba wengine waliwahi kumpiga chapa yao. Kufikia miaka ya 1860 jina lilikuwa la kila ng'ombe asiye na alama, na miaka ishirini baadaye likahamia kwa wanasiasa.

Kamusi nyingi huishia hapo, kana kwamba ng'ombe walijichunga. Aliyeachiwa ni Jack, mtumwa wa Maverick, pamoja na familia yake. Masimulizi humtaja juu juu, mara nyingi kwa kejeli, kwamba uzembe ulikuwa wake. Mimi najiuliza angeharakia nini? Kisheria yeye naye alikuwa mali ya Maverick, kama wale ng'ombe. Neno linalosifu watu wasio na bwana limetoka kwenye zizi la mtu aliyekuwa na bwana.

Mwaka 1856 Maverick aliuza kundi lote. Ukoo wake ulikuja kuipa lugha neno jingine: mwaka 1944 mjukuu wake Maury, aliyekuwa ofisa wa serikali, alichoshwa na barua za kiofisi zisizoeleweka, akaziita gobbledygook. Alisema huenda sauti hiyo aliitoa kwa bata mzinga wa Texas, anavyojitutumua na kubwata.