Je, Nyumba Zetu Zina Mali Kuliko Zamani?

Mara nyingi tukikaa barazani jioni twawasikia wazee wakinena, "Sisi zamani tulikuwa na mali; ninyi mna vitu tu." Vijana nao hujibu, "Mali gani, nanyi mlilala chini ya nyasi na kutembea miguu mitupu?" Maneno haya si mzaha. Huzuka hasa siku ile kijana atakapo kuuza kipande cha shamba la babaye ili anunue pikipiki. Baba hukataa, na kijana huona kwamba anazuiwa na ujinga wa kale. Kwa hiyo tumeona vema kuichunguza habari hii kwa miaka na kwa hesabu, bila hasira, tupate kujua ni nani asemaye kweli.

Wala si sisi wa Makuyuni peke yetu tubishanao hivi. Huko Marekani, mwaka 1950, kama theluthi moja ya nyumba hazikuwa na maji ya bomba, bafu na choo cha ndani vyote pamoja. Leo nyumba ya namna hiyo ni nadra kuonekana. Walakini wako wengi huko wasemao kwamba zamani mshahara wa baba mmoja ulitosha kununua nyumba, na leo mishahara miwili haitoshi. Basi kama taifa lenye utajiri mwingi lina mabishano haya, si ajabu nasi kuwa nayo.

Tuanze na zamani za mbali. Katika Uzigua na katika bonde la mto Pangani, mali ya nyumba ilikuwa watu, mifugo na ghala la nafaka. Mali hiyo ilionekana kwa macho, tena ilikuwa akiba ya siku mbaya. Lakini tusiisifu kupita kiasi. Katika njaa kuu ya miaka ya 1884 hata 1886 wako watu wa nchi hizi waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate chakula, na wengine hawakuweza kuwakomboa. Kisha, karibu na mwaka 1891, sotoka ikaua ng'ombe wengi, na baada yake wakaja nzige. Nyumba iliyoitwa tajiri mwaka huu, mwaka wa pili iliomba.

Zikaja zamani za Wadachi. Mwaka 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, na mwaka huo huo Daktari Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, ikapita hapa Makuyuni, ikafika Mombo mwaka 1905. Katikati ya mambo hayo, mwaka 1898, serikali ikaanza kutoza kodi ya nyumba. Hapo fedha ikawa jambo la lazima. Asiyekuwa na rupia hakuwa na budi kuuza nafaka yake au kuuza nguvu za mikono yake.

Toka miche ile 62 yakatoka mashamba makubwa yaliyoenea bondeni pote. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani kama 230,000 za katani, nayo ilikuwa ya kwanza duniani. Wazee wengi wasemapo "zamani za mali" hukumbuka miaka ile, marobota yakipakiwa kwenye behewa mchana kutwa. Lakini twauliza, mali hiyo ilikuwa ya nani? Wakataji wengi walikuwa manamba, walioletwa kutoka nchi za mbali. Walilipwa kwa kipande, yaani karatasi ya kazi ya siku 30, na wengi wao waliwaacha wake na watoto kwao. Marobota yaliyopita stesheni yalikuwa utajiri wa wilaya. Hayakuwa utajiri wa kila nyumba.

Hapa yafaa tujifunze hila ya wastani. Tuseme kijiji kina nyumba 10. Nyumba moja ina ng'ombe 91, na kila moja ya zile tisa ina ng'ombe mmoja. Ukijumlisha utapata ng'ombe 100, na ukigawanya utasema, "Wastani kila nyumba ina ng'ombe 10." Nenda sasa ukaitafute nyumba yenye ng'ombe 10, hutaiona. Ndiyo maana atakaye kujua hali ya watu na aitazame nyumba iliyo katikati, asiitazame jumla peke yake.

Tena iko hila ya shilingi. Wazee hututajia vitu ambavyo shilingi moja ilinunua, na maneno yao ni kweli. Lakini shilingi ni fimbo mbaya ya kupimia miaka, maana fimbo yenyewe yafupika. Afadhali tuulize: mtu alifanya kazi siku ngapi ili apate jembe, au shuka, au bati moja? Tulimwuliza hivyo mzee mmoja wa hapa aliyekata mkonge ujanani mwake. Akafikiri kitambo, kisha akasema, "Baiskeli niliingoja vipande vingi mno, na wengi wa wenzangu hawakuipata kamwe."

Wala njia ya kuja hata leo haikunyooka. Baada ya 1964 bei ya katani ilishuka, kwa kuwa kamba za plastiki ziliingia sokoni. Mwaka 1967 mashamba mengi yakawa ya serikali, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 katani ya nchi nzima ilikuwa tani kama 20,000 tu. Vilevile vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na bei kubwa ya mafuta, vilileta dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtu aliweza kuwa na fedha mfukoni asipate sabuni wala sukari. Fedha isiyo na kitu cha kununua, hiyo nayo si mali.

Na leo je? Katika hesabu za Tanzania Bara za mwaka 1991 na 1992, watu kama 39 katika kila 100 walikosa mahitaji ya lazima. Katika zile za 2017 na 2018, walikuwa 26. Hii ni heri kubwa. Lakini kwa kuwa watu wameongezeka, wale maskini waliokuwa karibu milioni 10 wamekuwa kama milioni 14. Basi anenaye kwamba umaskini umepungua asema kweli, na anenaye kwamba maskini wameongezeka asema kweli pia. Tena, kati ya mwaka 2001 na 2007, nyumba zenye bati na mapaa mengine ya kisasa zilitoka 43 hata 55 katika kila 100, na umaskini ukapungua kidogo sana, kama 36 hata 34. Paa laweza kung'aa na chungu kikawa kitupu.

Iko hesabu moja iliyo juu ya zote. Mwaka 1999 watoto 147 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano; mwaka 2022 walikuwa 43. Ndugu, hakuna ghala wala zizi la zamani liwezalo kulinganishwa na jambo hili. Mama wa leo hutazamia kuwaona watoto wake wote wakikua. Bibi yake hakuthubutu kutazamia hivyo.

Basi twajibu hivi. Kijana asema kweli: nyumba ya katikati leo ina uhai zaidi, na vitu zaidi, kuliko nyumba ya babu zake. Mzee naye asema kweli: mali ni kile kibakicho siku mvua ikosapo, na nyumba nyingi za leo zina vitu vingi na akiba haba. Pikipiki huchakaa kwa miaka michache, bali shamba likiisha kuuzwa halirudi.

Kwa hiyo, baba na mwana wakibishana, wasiulize, "Ni ya zamani au ni ya kisasa?" Na wakae pamoja na karatasi, waandike pikipiki itaingiza nini kwa mwezi, itakula nini, na shamba lile hulisha nyumba miezi mingapi. Wakiisha kuandika, watamjua mwenye haki bila ugomvi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.