Daftari Lililo Ndani ya Diski

Ninyi mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Na wewe uliyelikosa somo, ukalipata katika karatasi hii, soma pole pole, hakuna anayekukimbiza.

Leo twazungumza juu ya kitu ambacho watu wengi hawadhani kuwa kina historia. Chukua mfano wa mama mmoja aliyenunua diski ya nje, yaani kile kisanduku kidogo kinachochomekwa katika kompyuta kwa waya. Ametia humo picha zote za jamaa yake: arusi ya binti yake, wajukuu, na marehemu baba yake akiwa amekaa kibarazani. Siku moja anaichomeka katika kompyuta ya jirani, ambayo ni ya namna nyingine. Haoni picha hata moja. Kompyuta inamwambia kwamba diski haisomeki, tena inamwuliza: je, niifomati? Mama anabonyeza “Ndiyo”, kwa kuwa mashine imeuliza kwa adabu. Basi, picha zimetoweka.

Diski haikuwa mbovu. Kompyuta haikuwa mbovu. Je, kosa lilikuwa wapi?

Fikiri bohari kubwa yenye magunia elfu. Bohari hiyo ina karani, na karani ana daftari. Bila daftari hakuna ajuaye gunia lipi ni la nani. Diski nayo imegawanyika katika vyumba vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, na picha moja huenda ikajaza vyumba vingi. Kwa hiyo ndani ya kila diski limo daftari linaloonyesha jina la picha, ukubwa wake, na vyumba ilimokaa. Fomati ni namna ya kuliandika daftari hilo. Kufomati upya ni kulichana daftari la zamani na kufungua jipya. Mara nyingi magunia yenyewe bado yako sakafuni, na fundi aweza kuyatambua baadhi yake, mradi mzigo mwingine haujawekwa juu yake. Kwa hiyo yule mama asitie kitu kingine chochote katika diski ile kabla ya kumwona fundi.

Sasa tuingie katika historia. Mwaka 1977, huko Marekani, kijana mmoja wa kampuni ya Microsoft, jina lake Marc McDonald, alitengeneza daftari rahisi sana. Liliitwa FAT, herufi tatu za maneno yenye maana ya jedwali la kugawia faili nafasi. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo mno. Moja isingeweza kuchukua hata picha moja ya simu ya leo. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo ya mezani, daftari la namna hiyo lilikuwamo, likaenea duniani.

Katika daftari hilo jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi 8, kisha nukta, kisha herufi 3 za kuonyesha aina yake. Na hapa nataka mtulie kidogo, maana jambo hili limo mifukoni mwenu. Mwaka 1998 watengenezaji wa kamera huko Japani walipatana kanuni ya kupanga picha, nao wakafuata kipimo kile kile cha herufi 8. Ndiyo sababu mpaka leo kamera nyingi huita picha IMG_0001 au DSC_0001: herufi na alama 4, kisha tarakimu 4. Hesabu ikifika 9999, kamera huanza tena 0001. Basi arusi ya mwaka huu na matanga ya mwaka juzi huweza kuwa na jina moja. Ukizikusanya picha zote katika folda moja, kompyuta itakuuliza kama uibadilishe ya zamani kwa mpya. Usikubali upesi. Fanya folda ya kila mwaka, au ya kila shughuli.

Turudi kwenye daftari. Diski zilikua, lakini daftari lilikuwa na safu nyembamba. Mpe karani safu ya tarakimu 4 tu: ataandika magunia 9,999, lakini gunia la elfu kumi hana mahali pa kuliandika. Ndivyo ilivyokuwa FAT. Ilitanuliwa mara kadhaa, na mwaka 1996 ikatoka FAT32. Hii nayo ina mpaka: faili moja haiwezi kufika gigabaiti 4 kamili. Picha ya kawaida haikaribii kabisa kiasi hicho, lakini video ndefu ya arusi hukipita. Wako watu waliolaumu diski zao mpya kwa kukataa video moja ilhali nafasi tele ilikuwa imebaki. Kumbe safu ya karani ndiyo iliyokwisha.

Wakati huo huo kila kampuni ilikuwa ikijenga bohari yake. Apple walianza daftari lao liitwalo HFS mwaka 1985, wakalitengeneza upya mwaka 1998, na mwaka 2017 wakaleta jingine liitwalo APFS. Microsoft walitoa NTFS mwaka 1993. Mafundi wa Linux nao walikuwa na yao. Madaftari haya mapya yana faida kubwa. NTFS, kwa mfano, huandika kwanza kazi inayotaka kufanya, ndipo iifanye; umeme ukikatika katikati, kompyuta husoma maandishi hayo na kulinyosha daftari. Lakini karani wa huku hakusoma mwandiko wa kule. Kompyuta ya Apple husoma NTFS, lakini bila programu ya kuongeza haiwezi kuandika humo. Windows peke yake haisomi APFS kabisa. Siwezi kusema makampuni yalifanya hivyo kwa ubaya. Kila moja ilitafuta daftari lililofaa mashine zake. Hata hivyo mzigo alibebeshwa mwenye picha.

Mwaka 2006 Microsoft walitoa exFAT. Hii ni FAT iliyofunguliwa safu: ule mpaka wa gigabaiti 4 ukaondoka. Mwaka 2009 chama cha watengenezaji wa kadi za kamera kiliichagua kwa kadi zake mpya zenye zaidi ya gigabaiti 32. Apple waliipokea mwaka 2010. Lakini exFAT ilikuwa mali ya Microsoft, na walioitaka ilibidi wapatane nao kwa leseni. Mwaka 2019 Microsoft waliutangaza waziwazi mwandiko wake, na mwaka huo huo ukaingia katika Linux. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tarehe kubwa kuliko zote katika habari hii, ingawa hakuna aliyepiga ngoma.

Basi, uchague ipi kwa picha zako? Jiulize kwanza: diski hii itasafiri, au itakaa nyumbani? Ikiwa itachomekwa leo katika Windows, kesho katika kompyuta ya Apple ya mwanao, fomati ya kufaa ni exFAT. Ikiwa haitaondoka kamwe penye kompyuta moja ya Windows, NTFS ni imara zaidi. Na kwa kompyuta mpya ya Apple peke yake, APFS. FAT32 iachie vifaa vya zamani, kama vile redio ya gari isiyokubali nyingine.

Ila exFAT haina yale maandishi ya kazi niliyoyasema. Ukiuchomoa waya kabla karani hajamaliza, daftari laweza kubaki nusu, na picha nzima nzima zikapotea. Iambie kompyuta kwanza kwamba wataka kuitoa diski, ngoja ikuruhusu, ndipo uchomoe. Na fomati yako ichague siku ile ile ya kununua diski, ingali tupu. Baadaye hapana budi uhamishe kila kitu kwanza. Tena hakuna fomati inayoweza kuizuia diski isianguke chini. Picha za marehemu zisikae mahali pamoja tu; zitie katika diski ya pili, na hiyo ilale nyumba nyingine.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja atazame majina ya picha tano katika simu yake au ya ndugu yake, ayaandike katika daftari la darasa, na ahesabu herufi kabla ya nukta. Baadhi ya simu za siku hizi zimeuacha mpaka wa 8, zikaandika tarehe na saa badala yake. Mwalimu wenu atawasaidia kuyapanga majina hayo mafungu mawili ubaoni. Kwaherini.