Msaidizi wa utafiti si mbeba mkoba wa profesa

MTORO bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa pande za Bagamoyo, aliwasili Berlin mwaka wa 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mkubwa wake darasani alikuwa Carl Velten, Mjerumani. Mtoro aliwazoesha wanafunzi matamshi na mazungumzo. Nje ya darasa akaandika kurasa kwa kurasa kuhusu malezi, jando, ndoa na matanga ya watu wa Mrima. Maandishi hayo, pamoja na ya Waswahili wengine, yalitoka kitabuni mwaka wa 1903 kwa anwani ya Desturi za Wasuaheli. Jina lililotajwa kuwa la mkusanyaji na mhariri lilikuwa la Velten. Mtoro alifia Berlin mwaka wa 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipochapishwa mwaka wa 1981, ndipo jina lake likaingia katika anwani ya kitabu. Hesabu mwenyewe: miaka 78!

Kisa hiki kinatuonyesha jinsi usaidizi wa kitaaluma ulivyoanza katika lugha yetu. Msaidizi alikuwa kisima: unateka, unaondoka. Mtoro alikuwa na elimu yake ya kiislamu na ujuzi wa kuandika ambao Velten aliuhitaji, ila kazi ile haikumfungulia mlango wa kuwa mwanazuoni mwenye cheo na sauti yake.

Uhuru ulileta mtazamo mwingine. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka wa 1963, kikavunjwa mwaka wa 1970 na kuzaa vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam na Makerere. Wahadhiri wengi walikuwa wageni. Dawa ilikuwa kuwachukua wahitimu bora, kuwapa kazi ndogo idarani, kuwapeleka kusoma zaidi, kisha kuwarejesha wafundishe. Wakfu wa Rockefeller ulisaidia kugharamia mpango huo. Hapo usaidizi ukawa ngazi. Hata leo, pale Dar es Salaam, mhitimu huanza akiwa mkufunzi msaidizi, akapanda hadi mhadhiri kadiri anavyosoma.

Ngazi hiyo ina faida gani? Mwanafunzi wa uzamili anaweza kudhani anazijua ngeli hadi kijana wa mwaka wa kwanza amuulize, "Mwalimu, ni kiboko huyu au kiboko hiki?" Hapo ndipo atakapotambua kuwa yote mawili ni sahihi: wa kwanza yuko mtoni, cha pili kiko mkononi mwa mchapaji. Atalazimika kueleza ni kwa nini, na akishaeleza hatasahau. Vivyo hivyo, anayenakili saa kumi za mahojiano ya profesa hujifunza kusikiliza kuliko anayesoma vitabu kumi kuhusu mbinu za utafiti.

Marekani hilo wamelielewa. Katika vyuo vikuu vingi vya huko, mwanafunzi wa uzamifu hufundisha au kutafiti takribani saa 20 kwa wiki, naye husamehewa karo na kupewa posho. Wakenya wengi wamesomea huko kwa njia hiyo, baadhi yao wakifundisha Kiswahili. Tunashangilia wanapofaulu, ilhali huku nyumbani wenzao wanajikokota.

Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini ilitoa vigezo vilivyomtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Sawa kabisa. Lakini ukidai matunda, sharti umwagilie mche.

Chukua mwalimu wa sekondari kule Khwisero, Kakamega, anayetaka kusomea uzamili katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, asiyelazimika kwenda mbali. Anataka kuandika kuhusu Olushisa, lahaja ya Kiluhya aliyoinyonya na maziwa ya mama. Jumatatu hadi Ijumaa yuko darasani. Karo anaitoa mfukoni. Tasnifu ataiandika lini? Usiku, watoto wakishalala. Mwaka wa tatu atachoka, aache.

Na hapo hatupotezi shahada ya mtu mmoja tu. Katika miaka ya 1960 Gideon Were alikusanya simulizi za wazee wa Magharibi ya Kenya, na mwaka wa 1967 akachapisha historia ya Abaluhya. Wazee wale hawapo tena. Wa leo nao hawatangoji bajeti ya mtu. Anayewafaa ni huyo mwalimu, anayejua methali ipi husemwa matangani na ipi husemwa wakati wa kuposa.

Kwa hivyo, wakuu wa idara, tengeni nafasi hizi, hata kama ni mbili tu kwa mwaka. Mkataba utaje saa za kazi, posho na msamaha wa karo. Kila mradi wa utafiti unaopata ufadhili uwe na fungu la mwanafunzi. Serikali za kaunti zinazotoa basari zimkumbuke pia wa uzamili anayetafiti lugha ya kwao. Nasi maprofesa tukome kumtuma msaidizi kutubebea mikoba, eti anajifunza. Akikusanya data, jina lake lionekane kwenye makala ikichapishwa, angali hai aweze kulisoma.