Ndui ya mwisho ilitoka maabara

Wazee wetu wanaikumbuka ndui. Aliyepona alibaki na makovu usoni, wengi hawakupona. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa maambukizo ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na dunia ikashusha pumzi.

Mwaka mmoja haukuisha. Agosti 1978 aliugua Janet Parker, mpiga picha wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Hakuwa mtafiti. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa moja juu ya maabara ya Profesa Henry Bedson, mtaalamu wa virusi vya ndui. Mama huyo alifariki tarehe 11 Septemba. Profesa alikuwa amejiua siku chache kabla.

Je, hapakuwa na usimamizi? Ulikuwepo. Kamati ya wataalamu ilikwisha kuikagua maabara hiyo na kuiruhusu iendelee. Baada ya msiba, wachunguzi wa serikali walikuta haina bafu wala mahali pa kubadilishia nguo kabla ya kutoka, na baadhi ya kazi ilifanyika nje ya kabati maalumu la kuzuia virusi visisambae. Mwaka 1979 mahakama haikukitia chuo hatiani, na njia ambayo virusi vilimfikia mama huyo haijathibitishwa hadi leo.

Msiba ule uliwashtua wakubwa. Shirika la Afya Duniani lilihimiza nchi ziteketeze au zikabidhi virusi vyao, na sasa vimeruhusiwa mahali pawili tu: Atlanta, Marekani, na Koltsovo, Urusi, ambako wakaguzi wa shirika hilo hufika. Hata hivyo, mwaka 2014 chupa 6 za ndui, zilizosahauliwa tangu miaka ya 1950, zilikutwa katika chumba cha baridi huko Bethesda, Marekani.

Mimi sisemi maabara zifungwe. Bila watafiti ndui isingetokomezwa. Ninalosema ni kwamba kibali si kinga. Mkaguzi asiishie kwa mwenye koti jeupe. Apande ghorofani, azunguke nyuma, aulize nani anafanya kazi pale. Mfagizi, mlinzi na karani wana haki ya kujua kinachohifadhiwa jirani yao, na nani wa kumwambia wakipata homa. Tahadhari kabla ya hatari, na hatari haichagui mwenye shahada.